Kupanga kupunguza uchafu kwenye bonde la mto: anza na kilo, malizia na majina

Wadau, mipango mingi ya kuokoa mito naona inaanzia mwisho. Watu wanakaa kikao, mmoja anasema tupande miti, mwingine anataka usafi wa kingo kila mwisho wa mwezi, mwingine semina kwa wakulima, vinaandikwa vyote, vinapigiwa bajeti, na miaka mitano baadae mto uko vilevile na hakuna anayejua kwanini. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza mapema: huu mto unabeba uchafu kilo ngapi kwa siku, na unaweza kubeba kilo ngapi bila kuharibika? Ukipata hizo namba mbili, tofauti yake ndo kazi yenu. Hiyo tofauti inagawanywa kwa wahusika kwa majina yao, na shughuli zinachaguliwa baada ya hapo.

Ntatumia mto mmoja wa kubuni ili hesabu zifuatane kuanzia juu mpaka chini, na pale panapofaa ntaingiza mabonde ya kweli. Kalkuleta ya simu inatosha, ila mtu anayejua Excel awe karibu.

Hatua ya 1: chora bonde, achana na mipaka ya wilaya

Maji hayana habari na mipaka ya utawala. Chukua ramani yenye mwinuko, weka alama pale chini kabisa unapotaka maji yawe salama (labda pale yanapovutwa kwa ajili ya bomba za mji, au mto unapoingia ziwani), alafu fuata migongo ya vilima kurudi juu mpaka uzungushe eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake yataishia kwenye ile alama. Programu ya bure kama QGIS inafanya hii kazi kwa data za mwinuko za setilaiti. Kisha kata bonde vipande kufuata vijito, vipande sita mpaka kumi vinatosha kuanzia, ukikata vingi sana utakosa vipimo vya kujaza kila kipande.

Kwenye ramani hiyo weka kila kitu: kila bomba linalomwaga mtoni, mtambo wa majitaka, viwanda, machinjio, dampo, mashamba na yanalima nini, malisho, mitaa isiyounganishwa na mfumo wa majitaka, na mabwawa. Mabwawa watu huwa wanayasahau kabisa wakati yanashika tope jingi, na siku yakijaa yanaacha kushika. Hili limewakuta watu wenye pesa na wataalamu wa kutosha. Marekani, kwenye bonde la ghuba ya Chesapeake, mpango wa mwaka 2010 ulihesabu kwamba bwawa la Conowingo kwenye mto Susquehanna litaendelea kuzuia tope kwa miaka mingine kadhaa, baadae ikaonekana bwawa limeshajaa kwa kiasi kikubwa na tope pamoja na fosforasi vinapita kwenda chini, ikabidi hesabu zifunguliwe tena na huo mzigo wa ziada utafutiwe mwenyewe. Kwahiyo kama kuna bwawa kwenye bonde lenu, ulizeni limebakiza ujazo kiasi gani kabla hamjalisifia.

Hatua ya 2: amua uchafu gani, na kipimo gani ndo mstari

"Uchafu" ni neno pana mno kupangia. Angalia kwanza mto unaumwa nini. Samaki wanaelea asubuhi? Hapo fikiria oksijeni. Maji ya kijani na harufu, mwani umetanda? Fosforasi na naitrojeni. Watoto wanaharisha? Vimelea, na kipimo chake cha kawaida ni bakteria wa E. coli. Maji ya rangi ya chai ya maziwa kila mvua ikinyesha? Tope. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake, na mara nyingi zinakuja mbili tatu kwa pamoja, ila chagua moja ya kuongoza mpango.

Mstari unatoka kwenye sheria au kanuni za nchi yenu, usijitungie. Kwa oksijeni viwango vingi duniani vinacheza kwenye miligramu 5 kwa lita kwa mto wenye samaki. Kwa naitreti (aina ya naitrojeni) kwenye maji ya kunywa WHO wanasema isizidi miligramu 50 kwa lita. Fosforasi inatofautiana sana mto kwa mto, kwenye mfano wetu tuchukue miligramu 0.1 kwa lita.

Kitu kingine ambacho mimi nakikubali sana ni kuwa na lengo ambalo mtu asiyejua kemia analiona kwa macho. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua, maji ya kuzimia moto yakasomba sumu mpaka mto Rhine na samaki wakafa kwa mamia ya kilomita. Mwaka uliofuata nchi za bonde zikakubaliana mpango, na ndani yake kulikuwa na malengo ya kitaalamu (kupunguza kwa nusu umwagaji wa sumu zilizoorodheshwa mpaka 1995), ila lengo lililobeba mpango kwa wananchi lilikuwa samaki: samoni arudi Rhine ifikapo 2000. Waziri hawezi kukwepa swali la samaki yuko wapi. Nyie chagueni la kwenu, hata kama ni sehemu fulani ya mto kuruhusiwa kuogelea tena.

Hatua ya 3: pima, na upime vitu viwili kwa wakati mmoja

Hapa ndo data nyingi zinapotea bure. Mtu anachukua maji kwenye chupa, maabara inampa miligramu kwa lita, anafurahi. Bila kujua mto ulikuwa unatiririsha maji kiasi gani siku hiyo, ile namba haikupi mzigo. Miligramu 0.25 kwenye kijito na miligramu 0.25 kwenye mto mkubwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii, ikariri:

mzigo (kilo kwa siku) = mtiririko (mita za ujazo kwa sekunde) × kipimo (miligramu kwa lita) × 86.4

Hiyo 86.4 inatokana na sekunde 86,400 za siku moja pamoja na kubadili gramu kuwa kilo, hakuna uchawi.

Kama hakuna kituo cha kupima mtiririko, mnaweza kuanza na njia ya chungwa. Tafuta sehemu mto umenyooka, pima upana, pima kina sehemu kadhaa upate wastani. Tuseme upana mita 12, kina wastani mita 0.5, basi eneo la maji ni mita za mraba 6. Pima mita 20 kando ya mto, tupa chungwa katikati (linafaa kwasababu linazama karibu lote, upepo hauliyumbishi), hesabu sekunde. Likitumia sekunde 25 kasi ni mita 0.8 kwa sekunde, lakini maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini kwahiyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.68. Mara 6, unapata kama mita za ujazo 4 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa, piga wastani. Sio sahihi kama kifaa cha elfu kadhaa za dola lakini kuliko kukisia ni mbali mno.

Mambo madogo ya sampuli yanayoharibu kazi kubwa: chupa ya E. coli iwe imetakaswa, iwekwe kwenye barafu gizani na ifike maabara ndani ya masaa 6 hivi, ikilala kwenye gari mpaka kesho yake hiyo namba tupa. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayoliwa na uchafu unaooza, kinachukua siku 5 kwa nyuzi 20, kwahiyo usipeleke sampuli siku ambayo siku ya tano yake maabara wamefunga. Na oksijeni ipime alfajiri kabla jua halijatoka! Mchana mwani unatoa oksijeni, mto unaonekana mzima kabisa, usiku mwani huohuo unavuta oksijeni pamoja na bakteria, kwahiyo chini kabisa inashuka alfajiri na samaki wanakufa muda huo. Mtu anayekuja kupima saa tano asubuhi na kuondoka saa nane mchana anaweza kurudi miaka yote akiandika "hali ni nzuri".

Pimeni misimu yote, na lazima mpime wakati wa mvua. Najua hakuna anayependa kusimama mtoni kwenye mvua, lakini sehemu kubwa ya tope na fosforasi ya mashambani inapita ndani ya siku chache za mafuriko kwa mwaka mzima, ukizikosa hizo siku umekosa mzigo.

Hatua ya 4: nani analeta?

Kuna ujanja mzuri ambao hauna gharama. Panga vipimo vyako vyote kufuata mtiririko, kuanzia siku mto ulipojaa mpaka siku ulipokauka, uone ni wakati gani unavuka mstari. Ukivuka mstari mto ukiwa mdogo, kiangazi, hapo unatafuta bomba: mtambo wa majitaka, kiwanda, septiki zinazovuja, mifugo inayosimama ndani ya maji. Vitu hivi vinamwaga kila siku sawasawa, mto ukipungua hakuna maji ya kuvizimua. Ukivuka mstari mvua ikinyesha tu, unatafuta ardhi: mashamba, barabara za vumbi, kingo zinazobomoka, mitaro ya mji. Ukivuka muda wote, basi pole, una vyote.

Kisha tembea na mto. Pima juu na chini ya kila kijito kinapoingia, juu na chini ya kila bomba. Ukiona mzigo umeruka kutoka kilo 20 kwenda kilo 45 kati ya madaraja mawili, hujapata mchawi lakini umejua anaishi mtaa gani.

Mto wetu wa mfano: mtiririko wa wastani mita za ujazo 4 kwa sekunde, fosforasi miligramu 0.25 kwa lita. Mzigo ni 4 × 0.25 × 86.4, sawa na kilo 86.4 kwa siku. Baada ya kuzunguka na kupima, tumegawanya hivi:

- mtambo wa majitaka wa mji: kilo 30
- kiwanda cha maziwa: kilo 10
- mashamba: kilo 28
- kingo zinazobomoka na mifugo: kilo 8
- mitaa isiyo na mfumo wa majitaka: kilo 6
- msitu na ardhi ya asili: kilo 4.4

Ile ya mtambo inathibitishika kirahisi, unamwaga mita za ujazo 6,000 kwa siku zenye miligramu 5 kwa lita, hiyo ni kilo 30 kamili. Ya mashamba ni makadirio, na watu watabishana hapo mpaka jioni, waache wabishane lakini andikeni namba iliyokubaliwa na tarehe.

Hatua ya 5: mto unaweza kubeba kiasi gani

Hesabu ileile, ila safari hii weka mstari wa kanuni badala ya kipimo cha leo: 4 × 0.1 × 86.4 = kilo 34.56 kwa siku. Hiyo ndo bajeti yote ya mto. Kwenye sheria ya maji ya Marekani ya 1972 hiki kitu ni lazima kwa mto uliotangazwa kuwa mchafu, na kinagawanywa sehemu tatu: fungu la wenye mabomba, fungu la vyanzo vilivyotawanyika pamoja na vya asili, na akiba ya tahadhari.

Akiba ya tahadhari usiiruke. Vipimo vina makosa, makadirio yana makosa, kwahiyo toa kama asilimia 10 pembeni, kilo 3.5 hivi. Inabaki 31. Alafu kuna kitu watu hawapendi kukisema, mji utakua. Usipotenga fungu la ukuaji, kiwanda kipya kikija mwaka wa tatu mpango mzima unapasuka. Tenga kilo 2, inabaki 29. Msitu unaleta 4.4 na hauwezi kuupunguzia, inabaki kilo 24.6 kwa shughuli zote za binadamu, ambazo leo zinaleta kilo 82. Maana yake punguzo ni asilimia 70.

Hapa chumba kinakuwa kimya. Ni kawaida. Punguzo la 70 linatisha lakini afadhali mlijue leo.

Sasa angalia kiangazi, kwasababu wastani unadanganya. Mto ukishuka mpaka mita za ujazo 1 kwa sekunde, uwezo wake ni kilo 8.64 tu kwa siku, na mtambo wa majitaka peke yake unamwaga 30! Yaani mara tatu na nusu ya uwezo wa mto, kabla hujamgusa mkulima hata mmoja. Kwahiyo kwenye bonde hili hata wakulima wote wahamie mwezini, kiangazi mto utabaki wa kijani mpaka mtambo urekebishwe.

Hatua ya 6: kugawana

Hii ni siasa na msijidanganye kwamba ni hesabu. Kuna njia kadhaa. Kila mtu apunguze asilimia 70 sawasawa, inaonekana ya haki ila inamuadhibu aliyeshaanza kupunguza zamani kwa hela yake. Au apunguze zaidi yule ambaye kilo moja kwake ni rahisi kuondoa, hii inaokoa pesa lakini lazima kuwe na njia ya wengine kumchangia. Au aliye karibu na pale panapoumia apunguze zaidi, kwasababu kilo moja inayomwagwa kilomita 200 juu haifiki yote. Chesapeake walichanganya hizi: majimbo yanayoumiza ghuba zaidi yalipewa kazi zaidi.

Mimi napendekeza muanze na mabomba, kwa sababu moja tu, mabomba yana mwenyewe, yana kibali, na yanapimika. Chumvi za chuma au shabu zikitiwa kwenye mtambo zinashusha fosforasi mpaka chini ya miligramu 1 kwa lita, ukiongeza chujio la mchanga unaweza kufika 0.5. Kwa miligramu 1 mtambo wetu unabaki na kilo 6. Kiwanda kikishuka mpaka 2, na msitu kiangazi tuupe 1.1, jumla 9.1, bado tumevuka ile 8.64. Kwa miligramu 0.5 mtambo unabaki na kilo 3, kiwanda kikibanwa mpaka 1.6, jumla na msitu ni 5.7, zinabaki kilo karibu 3 za mitaa na mengineyo. Kwahiyo kibali cha mtambo kiandikwe 0.5. Kiangazi ndicho kilichoamua, sio mkurugenzi wa mtambo wala mshauri.

Inabaki kilo 20 kwa wengine ambao leo wanaleta 42. Tuseme mashamba kutoka 28 kwenda 14, kingo na mifugo kutoka 8 kwenda 3.5, mitaa kutoka 6 kwenda 2.5. Jumlisha yote, 3 na 1.6 na 20, unarudi kwenye 24.6. Kama jedwali lako halifungi namna hii usilipeleke kwa mtu yeyote.

Na kila mstari uwe na mtu. "Wakulima" sio mtu. Andika kipande cha bonde namba 3, hekta kadhaa, ushirika gani, afisa ugani gani, ifikapo lini.

Hatua ya 7: sasa ndo chagua shughuli

Kwa mashamba kitu cha kwanza ni kupima udongo. Mashamba mengi yenye mbolea au samadi ya muda mrefu yana fosforasi kuliko mazao yanavyohitaji, kupunguza mbolea hapo ni kumuokolea mkulima hela, na ni maongezi mepesi kuliko kumwambia aache kulima mita 10 kando ya mto. Baada ya hapo matuta kufuata kontua, mimea ya kufunika udongo, kutia mbolea ardhini badala ya kuirusha juu siku moja kabla ya mvua, na ukanda wa majani na miti kando ya mto.

Huo ukanda wa kando una sharti lake. Maji yakipita yametandazika unachuja vizuri, yakishajikusanya kwenye mfereji na kukata katikati yake, ukanda unabaki pambo. Nenda kauangalie siku ya mvua. Na uuweke pale maji yanapopita kweli: sehemu ndogo ya mashamba ya bonde huwa inaleta sehemu kubwa ya mzigo, yale ya mteremko mkali, karibu na maji, yenye udongo ulioshiba mbolea. Kugawa miche sawasawa kwa kila kijiji kunapendeza kisiasa na kunapoteza hela.

Ukiambiwa njia fulani inapunguza asilimia 50, uliza: ya nini? Ziwa Erie limetoa funzo kali hapa. Kuanzia miaka ya 1970 Marekani na Canada walibana fosforasi ya sabuni na ya mitambo ya majitaka, ziwa likapona vizuri tu. Mashambani wakahimiza kilimo cha kutokupindua udongo, tope likapungua, na fosforasi iliyoganda kwenye tope ikapungua nayo. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1990 fosforasi iliyoyeyuka ikaanza kupanda, na moja ya sababu zinazotajwa ni mbolea kubaki juu ya ardhi isiyopinduliwa na kusombwa na mvua, nyingine ni mabomba ya kukaushia mashamba yaliyozikwa chini ya ardhi. Hiyo iliyoyeyuka ndo mwani unaipenda kuliko zote. Agosti 2014 watu zaidi ya 400,000 wa mji wa Toledo, kando ya ziwa hilo, na maeneo ya jirani waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwasababu ya sumu ya mwani, na mwaka 2016 nchi hizo mbili zikaweka lengo jipya la kupunguza asilimia 40 kulinganisha na 2008. Kwahiyo pimeni fosforasi yote pamoja na ile iliyoyeyuka, mbili tofauti, tangu siku ya kwanza.

Kingo na mifugo: uzio na sehemu ya kunyweshea pembeni, mto wenyewe ukiacha kukanyagwa unaziba kovu haraka kuliko mnavyodhani. Mitaa: kutapisha vyoo na septiki kwa ratiba na kuhakikisha gari linamwaga mtamboni na sio kwenye mtaro usiku (hii inahitaji risiti ya mtambo kabla dereva hajalipwa, hakuna njia nyingine). Mabwawa ya matete yanafaa kama kuna ardhi, ila mtu lazima avune matete na kutoa tope, yakiachwa yanaanza kurudisha fosforasi kwenye maji.

Hatua ya 8: ratiba inayojua kwamba maji ya chini ya ardhi ni mzee

Bomba likizibwa leo mto unaona wiki hiihii. Naitreti iliyozama ardhini kwa miaka inaweza kuchukua miaka kumi, ishirini, hata zaidi kutoka mtoni, na fosforasi iliyolala kwenye tope la mto inaendelea kutoka taratibu hata baada ya kila mtu kujirekebisha. Usipoandika hili kwenye mpango, mwaka wa nne mtu mkubwa atasema hela zimeliwa.

Ndo maana kunatakiwa aina mbili za alama za njiani. Moja ni za kazi: mtambo umefungwa chujio, hekta kadhaa zina matuta, na zikaguliwe. Nyingine ni za mto: mzigo umeshuka. Chesapeake waliweka kwamba asilimia 60 ya kazi iwe imefanyika ifikapo 2017 na yote ifikapo 2025. Mitambo ya majitaka ilifika lengo lake mapema, kama miaka kumi kabla, upande wa mashamba na mitaro ya miji ukachelewa na 2025 ikafika kazi haijaisha. Yenye kibali na bajeti yalikwenda, ya kuombana yalisuasua. Kwahiyo pale ambapo sheria haina meno kwa vyanzo vilivyotawanyika, andikeni mapema mtafanya nini wasipotimiza: ruzuku itahamishwa? kibali cha mtambo kitabanwa zaidi kufidia? Hilo la pili linawafanya watu wa mji wawe wakali kwa watu wa shamba, na wakati mwingine wanaishia kuwalipia matuta kwasababu ni rahisi kuliko kujenga chujio lingine. Sio mbaya, ilimradi kilo zilizonunuliwa zinakaguliwa na ziko juu ya pale panapoumia.

Hatua ya 9: fuatilia, na ujue pa kuangalia hesabu zikigoma

Vituo vya kupimia visihame. Kituo kimoja kule chini kwenye alama, kimoja mwisho wa kila kipande cha bonde, na kimoja juu kabisa kwenye msitu ili ujue asili inaleta nini. Usilinganishe mwaka wa mvua na mwaka wa ukame moja kwa moja, mwaka wa mvua mzigo unapanda hata kama kila mtu amefanya kazi yake, kwahiyo lazima mtu wa takwimu arekebishe kwa mtiririko kabla hamjatangaza chochote.

Kila mwaka wa pili au wa tatu mnakaa na jedwali. Kazi imefanyika na mto umeshuka, endeleeni. Kazi haijafanyika, mnajua la kufanya. Ile inayoumiza kichwa ni kazi imefanyika kwenye makaratasi na mto haujashuka. Anzia hapa: nenda shambani uhakikishe hayo matuta yapo kweli na hayajabomoka, kisha angalia mtambo unamwaga nini usiku na siku za mvua kubwa (mitambo mingi ikizidiwa inafungua njia ya pembeni na haiandiki), kisha tafuta chanzo kipya ambacho hakikuwepo kwenye ramani, kisha bwawa. Vyote vikiwa sawa ndo uanze kusema ni maji ya zamani ya ardhini yanatoka, na hata hapo pima visima vifupi vya kando ya mto, kama naitreti iko juu visimani na inashuka mwaka hadi mwaka basi subira yenu ina msingi, kama inapanda, kuna mtu bado anamwaga mbolea na jina lake lazima liingie kwenye jedwali.